Hosteli ya chuo kikuu cha Kikristo: mzazi wa Malindi aulize nini kabla ya kulipa

SWALI: Assalaam aleikum. Binti yangu amepata nafasi katika chuo kikuu cha Kikristo huko bara. Barua inasema mwaka wa kwanza lazima alale hosteli ya ndani ya chuo. Sisi ni Waislamu, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusoma bara. Picha za hosteli walizotutumia ni nzuri, lakini picha ni picha. Maisha ya huko yakoje? Tununue nini, na kipi tuulize kabla sijatuma pesa? — Mama, Shela, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, Mama, na hongera kwa binti.

Umesema kweli, picha ni picha. Picha itakuonyesha kitanda kilichotandikwa na pazia jipya. Haitakuonyesha maji hutoka saa ngapi, geti hufungwa saa ngapi, wala kioo cha dirisha kikivunjika nani hulipa. Mambo hayo ndiyo huwatoa watoto machozi wiki ya kwanza, na karibu yote huwa yameandikwa mahali. Shida ni kwamba mzazi huyasoma akiwa ameshalipa.

Karatasi unazozihitaji ni tatu. Ya kwanza, barua ya kujiunga, unayo. Ya pili ni jedwali la karo lenye mstari wa malazi peke yake na mstari wa chakula peke yake. Ya tatu ni kanuni za makazi, ambazo mara nyingi huwa ndani ya mwongozo wa wanafunzi, na hii ndiyo huwa haitumwi. Binti atapewa aisaini siku ya kuripoti, akiwa kwenye foleni, begi mgongoni na ndoo mkononi, na mtu hasomi kurasa 30 akiwa katika hali hiyo. Iombe sasa, iletwe kwa barua pepe, muisome pamoja nyumbani.

Halafu ujue kwamba vyuo vikuu vya Kikristo havifanani. Kile cha Kikatoliki kilichoko Lang'ata, Nairobi, hakiendeshwi kama cha Waadventista kilichoko Baraton, karibu na Kapsabet. Africa Nazarene, kule Ongata Rongai, ni cha kanisa moja. Daystar, chenye uwanja mkubwa Athi River, si cha dhehebu moja. St. Paul's cha Limuru kinashirikisha makanisa kadhaa, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wakiwemo. Na hicho, kwa taarifa yako, kilizaliwa huku kwetu Pwani: kilianza mwaka 1903 pale Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwenye ile kengele iliyofanya mahali paitwe Kengeleni. Kilihamia Limuru mwaka 1930. Kwa hiyo jirani akikwambia "vyuo vya Kikristo hufanya hivi", muulize ni kipi.

Kuhusu dini, kwa kuwa hilo najua ndilo lililo moyoni hata kama hukulitaja kwa urefu. Kuna mambo manne ya kupata majibu yake kwa maandishi. La kwanza ni ibada ya chapeli. Vyuo vingi vina ibada mara moja au mbili kwa juma, katikati ya siku ya masomo, na baadhi huhesabu mahudhurio kwa kadi au kwa kitambulisho. Swali si "je, kuna chapeli?" Ipo. Swali ni kama asiye Mkristo analazimika kuhudhuria, na kama analazimika, kuhudhuria ni kukaa kwa heshima tu au kuna jambo la kushiriki. Mkishajua, familia iamue hapo Malindi, si binti aamue peke yake akiwa huko. La pili ni hijabu: inaruhusiwa darasani, maabara, na kwenye picha ya kitambulisho? La tatu ni mahali pa kuswali, kwani vipo vyuo visivyotoa chumba cha sala za dini nyingine, na binti ataswali chumbani mwake. Hilo huwezekana vizuri kabisa wenzake wakiambiwa mapema. La nne ni vikao vya maombi vya jioni ambavyo hufanyika kwenye korido za hosteli au chumba cha mapumziko. Uliza kama ni vya hiari.

Usione haya kuuliza. Ofisi ya kasisi wa chuo na ya mkuu wa masuala ya wanafunzi zimeshaulizwa hayo mara nyingi. Jibu la simu, hata liwe zuri kiasi gani, halikusaidii mwezi wa tatu mtu wa ofisini akibadilishwa. Omba barua pepe.

Upande wa pili wa kanuni hizo huenda ukakupa pumzi, Mama. Hosteli za wasichana na za wavulana ni mbalimbali, kila moja na matroni au msimamizi wake. Mgeni wa kiume huishia sebuleni, isipokuwa labda siku moja maalumu ya muhula ambapo vyumba hufunguliwa kwa wageni. Pombe na sigara ni marufuku ndani ya uwanja. Geti lina saa yake, na anayetaka kulala nje hujaza fomu ya ruhusa. Hapo kwenye fomu ndipo wazazi wa Pwani hukwama: watataka jina na simu ya mlezi aliye karibu. Mkiandika baba aliye Malindi peke yake, binti akitaka kwenda kwa shangazi yake Eastleigh wikendi, hana wa kumwombea ruhusa. Andikeni majina mawili, la mzazi na la ndugu aliyeko Nairobi au mji wa karibu, na huyo ndugu aambiwe atarajie kupigiwa simu.

Sasa tuingie chumbani. Vyumba vya mwaka wa kwanza huwa vya watu wawili, wanne, wakati mwingine sita, na vitanda huwa vya ghorofa, vile wanafunzi wanaviita deka. Godoro usilinunue Malindi. Kwanza uliza kama chuo kinatoa. Kama hakitoi, uliza kipimo cha fremu, kwa sababu kuna za futi 2½ kwa 6 na kuna za futi 3 kwa 6. Godoro la futi 3 juu ya fremu ya 2½ linaning'inia nusu futi nje, na mtu akigeuka usingizini anajikuta ameegemea hewa. Unene nao una hesabu yake. Kitanda cha juu kina ukingo wa chuma wa kumzuia mtu asianguke. Ukiweka godoro la inchi 8, limeumeza ukingo wote. Baada ya godoro kuwekwa, ukingo ubaki juu yake angalau inchi 5. Kwa fremu nyingi hiyo ina maana godoro la inchi 4 hadi 6, la sponji nzito, lisilolalia chini baada ya muhula mmoja.

Juu au chini? Kitanda cha chini hugeuka kuwa sofa ya chumba kizima: kila mgeni anaketi hapo. Lakini kina faida moja kubwa kwa binti yako. Leso mbili na kamba iliyofungwa kwenye fremu ya juu humpatia pazia, na nyuma ya pazia hilo atavaa, atasoma, atapumzika bila macho ya watu. Mimi ningechagua chini, mbali na dirisha, kama anakwenda sehemu ya baridi. Matroni athibitishe tu kwamba pazia linaruhusiwa.

Siku ya kupokea funguo, kabla ya begi kugusa kitanda, kuna kazi ya dakika ishirini. Watampa fomu ya vifaa vya chumba: kitanda, godoro kama lipo, kabati, meza, kiti, taa, soketi, vioo, ufunguo. Wengi huweka alama ya tiki juu hadi chini na kusaini. Asifanye hivyo. Ajaribu kitasa kutoka nje na kutoka ndani. Ahesabu vioo vya dirisha kimoja kimoja na kuandika vilivyopasuka. Awashe taa, ajaribu kila soketi kwa chaja ya simu. Afungue kabati na kutazama lile pete la kufuli kama bado limeshika mbao au limebaki na skrubu moja. Kila kasoro iandikwe kwenye fomu kabla ya sahihi, na picha ipigwe. Kuna pesa ya amana ambayo hulipwa mwanzoni na kurudishwa mwishoni. Kioo kilichokuwa kimepasuka kabla ya yeye kufika kitakatwa humo kama hakuandika.

Kisha kunguni. Amulike tochi ya simu kwenye mshono wa godoro, hasa kwenye pembe, na kwenye matundu ya skrubu ya fremu. Kunguni wenyewe hujificha mchana, lakini huacha vitone vyeusi kama vilivyochomwa kwa ncha ya kalamu. Akiviona, begi libaki mlangoni na amwite matroni saa hiyo hiyo. Asikubali chumba hicho peke yake kipuliziwe dawa, maana kunguni wakipuliziwa huhamia chumba cha pili na kurudi wiki mbili baadaye. Vyumba vya pande zote mbili vishughulikiwe pamoja.

Kufuli ya kabati anunue ya shaba, ya milimita 40. Zile za 50 zina pete nene ambayo mara nyingi haipiti kwenye tundu la kabati la mbao. Manukato na tarakilishi avifungie humo; dhahabu ibaki nyumbani.

Maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtoto wa Malindi amezoea kisima cha chumvi, mfereji na maji ya jirani, lakini hajazoea kugawana tangi na watu mia. Piga hesabu hivi. Mtu mmoja kuoga, kufua kidogo, choo cha kuvuta na kunawa, anahitaji si chini ya lita 50 kwa siku. Hosteli ya watu 100 basi inataka lita 5,000 kila siku. Ikiwa juu ya paa kuna tangi moja la lita 10,000, maji yakikatika Jumatatu asubuhi, Jumatano mnabeba ndoo. Uliza maswali mawili: tangi za hosteli hiyo zina lita ngapi kwa jumla, na chuo kina kisima chake au kinategemea mfereji wa mji? Hata majibu yawe mazuri, apeleke ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya lita 20 ya akiba na moja ya lita 10 ya kuogea, pamoja na kata na birika la msalani. Birika la msalani hatalipata dukani chuoni, na kulikosa kutamuudhi kuliko baridi.

Maji ya kunywa ni jambo jingine. Visima virefu vya maeneo mengi ya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya hudhurungi, na kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha huua vijidudu tu. Aulize maji ya kunywa hutoka wapi na kama yanachujwa.

Maji ya moto: kama hosteli ina mitambo ya jua juu ya paa, wa kwanza kuoga jioni ndiye mwenye raha, na Julai kukiwa na mawingu wiki nzima hakuna mwenye raha. Kama ni shawa za umeme, zinavuta umeme mwingi sana, moja huwa na takriban wati 5,000, ndiyo maana vyuo huziwasha kwa saa maalumu. Aulize saa hizo.

Na hilo linatuleta kwenye koili. Koili ni lile jiko dogo la umeme la kuzungusha waya, bei rahisi, ambalo kila hosteli nchini inalipiga marufuku na kila hosteli nchini inalo chini ya kitanda fulani. Kwa nini marufuku? Koili ya wati 1,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 6. Korido yenye soketi zinazotegemea saketi moja ya ampea 32 ikiwa na koili nane zinazochemsha chai ya jioni kwa pamoja, ampea zimefika 50, na swichi kubwa inakata. Korido nzima iko gizani, na wa kwanza kutafutwa ni mwenye koili. Hiyo ndiyo nafuu. Hatari ni pale koili mbili zinapochomekwa kwenye waya mmoja mwembamba wa kuongezea soketi: swichi ya ukutani haioni kosa, lakini waya unapata moto ukiwa chini ya godoro. Birika la umeme na pasi navyo huvuta umeme mwingi vivyo hivyo. Baadhi ya vyuo vina chumba maalumu cha pasi kila ghorofa. Mtungi wa gesi wa kilo 6 chumbani usifikiriwe.

Moto ndilo jambo ninalotaka baba au mjomba atakayemsindikiza alitazame kwa macho yake. Machi 2001, bweni la sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliungua usiku na wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya angalau mita 1.2. Umeandikiwa shule, si vyuo vikuu, lakini ni kipimo kizuri cha kutembea nacho. Msindikizaji atembee korido kutoka mwisho mmoja hadi mwingine: kuna ngazi mbili au moja? Mlango wa pili unafunguka, au una kufuli na mifagio imeegemezwa? Usiku ufunguo wa kufuli hiyo anao nani, naye analala wapi? Kama dirisha la chumba lina vyuma visivyofunguka na mlango ni mmoja, binti aombe chumba cha ghorofa ya chini au cha karibu na ngazi. Hilo huwezekana zaidi siku ya kwanza kuliko ya kumi.

Chakula hulipwa kwa njia mbili. Kuna vyuo ambavyo hulipisha chakula cha muhula mzima pamoja na karo, na kuna vyuo ambavyo mtu hununua sahani kwa sahani. Muhula ukiwa wa wiki 15 ni siku 105. Tuseme, kwa mfano tu, sahani ni shilingi 100 na anakula mara mbili kwa siku kafiteria: hiyo ni shilingi 21,000, bila chai ya asubuhi. Linganisha na bei ya mpango wa muhula kabla ya kuchagua. Uliza pia: akiwa amelipia muhula mzima, Ramadhani ikiingia, chakula cha mchana kinaweza kugeuzwa kiwe cha kufuturia, au kimepotea? Wengine hukubali kumhifadhia sahani ya jioni, ila muda wa kufunga kafiteria huwa unakimbizana na magharibi. Daku ataitengeneza mwenyewe bila jiko: chupa kubwa ya chai ijazwe maji ya moto kafiteria usiku, tende, mkate, ndizi, njugu, uji wa unga unaokorogwa kwa maji ya moto.

Nyama: uliza jikoni kama wanachinjiwa na Muislamu. Machinjio mengi nchini huchinja kwa utaratibu huo, lakini usidhanie. Na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii. Kama chuo chenyewe ni kile cha Baraton, kafiteria yake haipiki nyama kabisa, na Waadventista hawali nguruwe wala hawanywi pombe. Suala la halali limejitatua lenyewe kwa maharagwe. Huko kitakachomshughulisha ni Sabato: kuanzia magharibi ya Ijumaa hadi magharibi ya Jumamosi shughuli husimama, kwa hiyo kununua vitu, kufua na kushughulikia ofisi viishe Ijumaa mchana.

Pesa ya malazi hulipwa kwa muhula, na chumba mara nyingi hupewa aliyelipa, si aliyeahidi. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, usiutegemee kwa wiki za mwanzo: sehemu ya karo huenda chuoni moja kwa moja, ya kujikimu humfikia mwanafunzi, na hazifiki siku moja na funguo. Kilicho muhimu zaidi kwa mtu wa mbali ni tarehe. Malazi yanaanza siku gani na kwisha siku gani? Hosteli hufungwa kati ya muhula na muhula, na mwanafunzi wa Machakos hupanda matatu akafika kwao jioni. Wa Malindi hawezi. Kama mapumziko ni ya siku kumi, uliza kama anaweza kubaki na analipa kiasi gani kwa siku, na vitu vyake vinahifadhiwa wapi akiondoka. Na usisahau: pesa lipa kwenye akaunti ya benki au nambari ya malipo iliyo kwenye barua rasmi. Anayekupigia simu kwamba "vyumba vimebaki viwili, tuma kwa namba yangu" si wa chuo.

Baridi sasa. Malindi tuko usawa wa bahari. Limuru ni zaidi ya mita 2,000 juu, na Kapsabet na Nakuru nazo ni za juu. Juni hadi Agosti, usiku wa Limuru huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Binti atajua amefika siku atakapofungua chupa ya mafuta ya nazi aisugue nywele na kuikuta imekuwa nyeupe, ngumu kama mshumaa. Hayajaharibika, mafuta ya nazi huganda chini ya takriban nyuzi 24. Ayatie kwenye kopo la mdomo mpana ayachote kwa kijiko, chupa yenye shingo nyembamba itamtesa. Blanketi nzito moja, sweta mbili, soksi, suruali za kuvaa ndani ya buibui, na raba za mpira kwa matope mekundu. Sweta na blanketi anunue huko huko, za mitumba ya bara ni nzito kuliko zetu na bei ni nafuu. Feni ibaki.

Neti aichukue, lakini kuna jambo la afya lenye uzito kuliko neti. Pwani yetu ina malaria. Binti anaweza kuondoka Malindi akiwa ameshaumwa na mbu na homa ikamshika akiwa Limuru wiki ya pili, ambako muuguzi wa zahanati ya chuo anaona mafua ya wageni kila siku. Afike na aseme neno hili mwanzo kabisa: "Nimetoka Malindi juzi, nipimeni malaria." Na akikaa huko mwaka mzima akarudi likizo, asijione mwenyeji. Kinga aliyokuwa nayo hupungua, alale ndani ya neti kama mgeni.

Maktaba, intaneti, uwanja wa michezo: hivyo vipo kila mahali na binti atavijua mwenyewe kwa siku tatu. Uliza tu maktaba hufungwa saa ngapi na ni umbali gani kutoka hosteli, na kama njia ina taa.

Ujumbe wako kwa ofisi ya masuala ya wanafunzi unaweza kuwa hivi, ufupishe upendavyo:

"Binti yangu, mwenye nambari ya kujiunga iliyo hapo juu, anatarajiwa kuripoti muhula ujao. Sisi ni Waislamu kutoka Malindi. Naomba mnitumie kanuni za makazi, na mnijibu kwa barua pepe: kama kuhudhuria chapeli ni lazima kwake, kama hijabu inaruhusiwa darasani na kwenye kitambulisho, chumba ni cha watu wangapi na kipimo cha kitanda ni kipi, godoro linatolewa au la, uwezo wa tangi za maji za hosteli yake, tarehe ya kufunguliwa na kufungwa kwa hosteli na malipo ya kubaki wakati wa mapumziko, na amana hurudishwa vipi."

Subiri siku tatu za kazi, kisha piga simu uulize kama umepokewa. Chuo kinachojibu barua hii kwa ukamilifu huwa pia ndicho kinachobadilisha balbu kabla ya wiki kwisha.

Vyakula vya kumfungia njiani na vya akiba: visheti, kashata, tende, achari ya ndimu kwenye chupa iliyofungwa kwa plastiki mara mbili. Ng'onda na papa mkavu, najua atalia, lakini usimpe. Chumba cha watu wanne chenye madirisha yaliyofungwa kwa baridi, papa mmoja anatosha kumharibia ujirani mwaka mzima.

Safari ipangeni kurudi nyuma kutoka saa za ofisi ya hosteli. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na hadi Nairobi ni karibu 480 nyingine. Kama chuo kiko Athi River, treni ya asubuhi ile inayosimama vituo vya njiani hushusha Athi River yenyewe, hakuna haja ya kuingia Nairobi na mizigo. Ila kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya mji, kwa hiyo laleni Mombasa usiku wa kuamkia safari. Kwa vyuo vya Nairobi na Limuru, basi la usiku la Jumapili litamfikisha Nairobi asubuhi ya Jumatatu, ofisi zikifunguliwa. Kwa Baraton ongeza nusu siku nyingine ya barabara, na msiondoke hapo Malindi Alhamisi usiku: mkichelewa njiani mtafika Ijumaa magharibi, Sabato imeingia, mwenye funguo yuko kanisani, na ofisi ni mpaka Sabato iishe.